Kiganja cha Kabula

KITUO CHA POLISI, TABORA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Zamda Mabruki. Umri: miaka 61. Kazi: mlinzi wa jengo la kale. Dini: Mwislamu. Makazi: Cheyo.

Mimi ni mtajwa hapo juu. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Afande ameniuliza kimeibiwa nini, nikamwambia hakuna. Akasema basi ataniandika shahidi. Haya mwanangu, andika.

Huu mwaka wa kumi na tisa nalinda ngome ya udongo iliyo nje ya Cheyo, walipokuwa wakilala watu wa misafara zamani. Ukuta wake wa mashariki ulikandikwa na wanawake kwa mikono mitupu. Mmoja wao ni Kabula, bibi yake mama yangu. Aliacha alama ya kiganja, vidole vinne. Cha shahada kilikatwa na mundu. Baadaye alichukuliwa kubeba pembe kwenda pwani, hakurudi. Kaburi lake hatulijui. Kwetu hakuna bi harusi anayetoka bila kuweka mkono pale. Niliweka mimi, wakaweka na binti zangu.

Mnamo tarehe 8/10/2024, saa 2:00 asubuhi, walikuja mafundi wa kukarabati. Msimamizi wao, Valentino, alinipa shikamoo, akauliza, "Mama, ukuta gani mbovu zaidi?" Nilifurahi jamani! Ufa ulishakikaribia kile kiganja, kila mvua ikinyesha roho juu. Nikampeleka mwenyewe, nikasema, "Anzeni na huu." Kiganja sikumwonyesha. Nilidhani mwenye macho ataona.

Saa 4:00 nilikwenda msibani Gongoni. Narudi saa 9:30 alasiri, ukuta wote saruji, laini kama sahani. Nikauliza kiganja kiko wapi.

"Lile shimo?" akasema Valentino. "Tumeliziba, mama."

Nilikaa chini palepale. Nilipomweleza, aliniomba radhi, akachukua tindo akabandua mwenyewe, taratibu. Saruji ikatoka na udongo wenye kile kiganja. Nyuma yake matofali mabichi tu. Fundi mzima alilia. Mimi machozi yalikataa.

Afande anataka nimtaje ninayemlalamikia. Nimtaje nani? Valentino kafanya kazi aliyotumwa. Ukuta nimemwonyesha mimi, kwa kidole changu hiki. Mjukuu wangu Shamila anaolewa Ijumaa ijayo. Jana usiku aliuliza tutakwenda ngomeni saa ngapi.

Niliyoyaona ni hayo. Sina la kuongeza.

Alama ya dole gumba la shahidi:

MAELEZO YA OFISA
Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekubali ni sahihi. Kosa la jinai sijaliona, jalada halijafunguliwa. Nilimwelekeza aweke dole gumba. Ameweka kiganja chote. Nafasi ya sahihi yangu imejaa wino, nimesaini nyuma ya karatasi.

WP Koplo Yustina
9/10/2024, saa 3:40 asubuhi