Mpwa Wangu Anataka Nimshushe Wakili Dirishani

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, ingawa kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa. Nachonga picha kwenye ubao, napaka wino, nagandamiza karatasi, na mji huu hauna mwanasheria asiyeniogopa, maana niliwahi kumchonga hakimu akipiga miayo, watu wakacheka mpaka kesi zikaahirishwa mbavu zipone, waulize, sasa juzi nikachonga wakili, joho mpaka kisiginoni, anamtetea mwizi wa kuku huku manyoya ya kuku yanamtoka mfukoni, uso nimeutunga mwenyewe, naapa, chunjua nikaiweka shavu la kulia, lakini kwa haraka nikasahau kuwa ubao ukipigwa chapa picha hugeuka, basi chunjua ikahamia kushoto, na pale karatasini akanikodolea macho mkuu wa ofisi ya mawakili anakofanya kazi binti wa dada yangu, yeye mzima mzima, hata mamaye angemwita aje kula! Nikaona. Nikaibandika dirishani hivyo hivyo, kwa kuwa sijawahi kuchonga kitu kizuri vile.

Jana binti kaja machozi yanamlengalenga: "Mjomba, wiki ijayo naapishwa uwakili, na yeye ndiye wa kunisimamia mbele ya jaji. Ishushe, la sivyo usije."

Nikamjibu, "Mwanangu, simba hashushwi mlimani."

Akaondoka bila kuaga. Nimemlea mimi, mshauri, na majigambo yangu yote chini yake yupo yeye. Nifanyeje?

Mjomba Patasi

Mjomba Patasi,

Nimecheka, sikufichi. Manyoya mfukoni ni kazi ya fundi. Lakini usiusingizie ubao: kugeuka ni ajali, kubandika baada ya kuona ni kusudi. Mtu mzima na mvi zako unashindana na mtoto uliyemlea! Simba gani huyo?

Endelea kuwacheka mawakili, tena uwacheke sana. Kazi yao inastahili. Chunjua ya mtu asiyekukosea haistahili. Ile ni nundu tu juu ya ubao, ikwangue leo, piga chapa upya, bandika hiyo mpya dirishani mahali pa ile. Mwizi atatetewa vilevile. Kisha nenda kwa binti useme, "Nimekosea," uishie hapo, hadithi za mbavu ziache nyumbani.

Siku ya kiapo vaa shati lililopigwa pasi, kaa mbele, funga mdomo. Akimaliza kuapa, piga makofi mpaka viganja viwake moto. Jaji akikutolea macho, mwambie huyo ni wako.