Taa za Mama Masanja

Jumapili, 14 Desemba

Misa ya kwanza, chai, pumba kwa kuku. Kisha nikateremsha boksi la taa za Krismasi. Mke wangu alizifunga mwenyewe kwenye kanga yake ya kijani, kabla hajaanza kuumwa. Sijazigusa tangu tumzike. Nimenusa kanga. Inanuka vumbi tu. Imeniuma.

Nimechomeka. Nusu inawaka, nusu imekufa.

Jumatano, 17 Desemba

Mwanangu Masanja kapiga simu kutoka Rwamgasa, anakochimba dhahabu. Hajakanyaga hapa Kahama tangu matanga ya mama yake. Kila sikukuu ana sababu: duara, shimo lao la kuchimbia, limejaa maji, wenzake wameondoka, nauli hakuna. Uongo mtupu. Hawezi kuiona nyumba bila mama yake. Mimi je, naionaje kila siku?

Leo kauliza, "Baba, taa za mama bado zinawaka?" Nikasema zinawaka zote. Kisha akasema atakuja mkesha wa Krismasi.

Sasa ni lazima ziwake.

Ijumaa, 19 Desemba

Barazani na miwani, nachomoa globu mojamoja. Miaka ile naendesha gari mgodini Buzwagi sikuwahi kuzishika. Kazi yangu ilikuwa kukaa kitini, kuvuta sigara na kuwatania: mama na mwana, vichwa vimegusana juu ya waya, wananikataza kutupa pakiti. Sikuuliza ya nini. Nilikuwa mtu wa raha zangu. Ningeirudisha jioni moja tu ya zile.

Kwenye matundu kadhaa nimekuta uchafu, vikaratasi vilivyokunjwa na kushindiliwa nyuma ya globu. Nimevitoa vyote kwa sindano, nikavichoma pamoja na taka za uwanja. Nyumba nzima inasafishwa kwa Krismasi, kwa nini taa zibaki chafu?

Nimechomeka. Giza. Hata ile nusu nzima imezima. Nimetukana Kisukuma, peke yangu.

Jumatatu, 22 Desemba

Fundi redio wa sokoni hata hakuzishika. "Mzee, nunua nyingine, za Kichina zimejaa tele." Nimeondoka bila kuaga. Masanja anazijua taa zake. Kuna globu aliipaka rangi ya kucha ya mama yake, akachapwa, kisha mama mtu akaipenda kuliko zote.

Akikuta giza atakunywa chai na kurudi zake. Na hatakuja tena. Naogopa.

Jumatano, 24 Desemba

Amefika saa kumi. "Shikamoo, Baba." Amekonda, vidole vimepasuka. Hakuingia ndani. Alikaa barazani, begi miguuni, kama mtu aliyekuja kuulizia chumba cha kupanga.

Nikamwambia ukweli. Zilikuwa nusu, nikazisafisha, zikafa zote. Akauvuta waya, akachungulia tundu moja, akaniuliza vikaratasi viko wapi.

"Taka zile? Nimechoma."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Baba! Vile ndivyo vilivyokuwa vinavusha umeme. Globu ikifa, mama anachomoa waya ukutani, anashindilia karatasi ya kung'aa ya kwenye pakiti za sigara zako. Umechoma kazi yetu ya miaka yote!"

Nikacheka na mimi. Halafu nikakumbuka niliacha sigara siku ile mama yake alipolazwa. Nyumba nzima haina pakiti. Nikainuka niende dukani.

"Kaa tu, Baba," akasema, na kicheko kikamwisha.

Kwetu kijana havuti mbele ya baba yake. Hata pakiti baba haioni, hata kijana akiwa na mvi. Masanja aliinamisha kichwa, akafungua begi, akatoa pakiti ya sigara na kuiweka mkekani kati yetu.

Nilivaa miwani, nikaichana ile karatasi ya ndani, nikaanza kumkunjia vipande.

Alhamisi, 25 Desemba

Mvua ya asubuhi. Taa zinawaka dirishani, isipokuwa globu chache zilizoungua. Ile ya rangi ya kucha ni nzima.

Masanja amelala chumbani kwake, anakoroma. Begi lake limetundikwa msumarini. Pakiti ilibaki mkekani, nimeiweka kwenye stuli karibu na kitanda chake na kuifunika kwa kanga ya kijani, asione haya akiamka.

Naenda kuwapa kuku pumba.