Kioo Alichokiona Ferdinand Nyumbani Kwangu

Quartier Majengo,
Goma,
Tarehe 9 Agosti 2009

Mpendwa Yaya Mukantwari,

Nakusalimu kwa heshima, wewe dada yetu mkubwa, pamoja na Shemeji Janvier na watoto wote. Tunasikia huko ukimbizini Nakivale jua limekausha mashamba na maji mnayafuata mbali. Mgongo wako unaendeleaje? Mwaka jana ulituambia unakuuma ukiinama kulima. Kama bado unauma, nakuomba uwaachie watoto kazi ya maji, usijilazimishe.

Sisi tuko hai. Angèle ametimiza miaka kumi na minne, sasa ananipita urefu. Mahoro ana miaka mitatu na kile kikohozi cha kambini kimemwacha. Mimi nauza makala, mkaa wa kupikia, mbele ya mlango, na weusi wa mikono hautoki tena hata kwa sabuni zako. Mvua haijaanza. Vumbi la mawe ya volkano linaingia mpaka kwenye sahani.

Barua yako ilifika wiki mbili zilizopita. Nimeisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama, mara ya pili ikabidi nikae. Umeandika kwamba Ferdinand, mjumbe wako, alipotuletea zile sabuni mwezi wa sita, aliona ukutani kwangu kioo kikubwa chenye fremu ya dhahabu. Umeandika kwamba mjane ambaye mwaka wake haujatimia hapambi nyumba, ila kama kuna mtu anayemngojea.

Huyo mtu hayupo, Yaya. Na sikukasirika. Kama ningekuwa mimi niliye mbali hivyo, mdogo wangu amezikwa bila mimi kutupa hata kiganja kimoja cha udongo, huenda ningeandika maneno makali kuliko yako. Lakini sasa lazima nikueleze kioo hicho kilitoka wapi, na nikikueleza hilo siwezi kuruka jambo lingine ambalo nimekuficha tangu Desemba. Kwenye simu sikuweza. Ndiyo maana naandika.

Nyumba yetu ya Rutshuru hukuiona, maana uliondoka kabla mdogo wako Ntirenganya hajaijenga. Ilikuwa ya matofali, na nyuma yake alijenga bafu. Wakati ule masista walikuwa wanatengeneza upya nyumba yao, naye ndiye alikuwa fundi wao wa kujenga. Walipobadilisha vioo vya bafu wakampa kimoja cha zamani. Alikikaza ukutani kwa visi nne, ile misumari ya kuzungusha, akazizamisha vizuri kwenye saruji, akasema hakitoki hapo mpaka wajukuu. Kila asubuhi alinyoa ndevu mbele yake huku akiimba nyimbo za misa kwa sauti mbaya, na majirani walijua saa kwa sauti hiyo.

Mwaka jana mwezi wa kumi vita vilipotufikia, tulitoka na nguo tulizovaa, sufuria ndogo, na Mahoro mgongoni. Hayo unayajua. Tulifika kambi ya Mugunga baada ya siku nyingi, tukapewa plastiki, Ntirenganya akakata matawi akatengeneza kibanda juu ya mawe. Mawe yale, Yaya, hata ukitandika majani yanakuchoma mbavuni. Chakula kilikuwa cha kugawiwa na hakikutosha.

Mwanzoni mwa Desemba watu wakasema njia ya Rutshuru imetulia kidogo. Wanaume wachache wakaamua kurudi kuangalia nyumba, naye akaenda nao. Nilimwagiza vitu vitatu: sufuria kubwa, mablanketi, na mfuko wa maharage tuliouficha juu ya dari. Siku zote alizokuwa huko nilikuwa napika maharage hayo kichwani mwangu. Watoto nao niliwaahidi.

Alirudi siku ya nne, jua likiwa kali, na mgongoni amebeba kitu kipana kilichofungwa kwenye mkeka. Akakishusha taratibu, akafungua kamba. Ni kioo cha bafu. Hakuna sufuria wala blanketi, na maharage hakuna.

Nilipiga kelele. Majirani walitoka kwenye vibanda vyao. Nilimwambia, “Ulienda siku ine nzima, na unatuletea kioo? Tutakula sura zetu?” Watu wengine walicheka. Na mimi, nilipoona wanacheka, nikaongeza mengine. Nilisema mume wa mutu fulani amerudi na unga, wa mutu fulani amerudi na mbuzi, na wangu amerudi na kitu cha kujiangalia, na hata ukuta wa kukitundika hatuna.

Yeye alikaa juu ya jiwe, akajifuta vumbi miguuni. Alisema tu, “Njo kitu moya yenye balituachia.” Baadaye nilielewa kwa nini ndicho kitu kimoja tu kilichoachwa: waporaji walikuwa wamebeba mabati, milango, hata fremu za madirisha. Kioo kiliwashinda kwa sababu ya visi zile nne. Alizitoa kwa kisu, kazi ya nusu siku.

Siku tatu sikumsemesha. Chakula nilimpa, neno sikumpa. Kioo nilikilaza kifudifudi chini ya majani ya kulalia ili nisikione.

Siku ya nne asubuhi ugonjwa ukamkamata. Kambi nzima kipindupindu kilikuwa kinapita, kibanda hiki leo, kile kesho. Tulimbeba kwenye mlango wa mbao mpaka hema la wagonjwa. Nilikaa naye mchana ule na siku iliyofuata. Yaya, nilikuambia kwenye simu kwamba aliwabariki watoto, akakutumia wewe salamu, akalala kwa amani. Nilikudanganya. Hakuwa na sauti ya kumbariki mtu. Mwili ulikuwa umekauka, macho yameingia ndani. Aliomba maji, akaomba tena maji, halafu akauliza kama kioo hakijawakata watoto. Mimi nikamjibu, “Nyamaza, kunywa.” Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake. Walimtia kwenye mfuko wa plastiki, wakamzika jioni ile pamoja na wengine saba, bila sanduku, na hawakuturuhusu kusogea karibu.

Nilificha hayo kwa sababu wewe ndiye uliyemlea baada ya mama yenu kufariki. Niliona nikupe kifo ambacho ungeweza kukibeba. Nisamehe kwa uongo huo kwanza, halafu utaona kama unaweza kunisamehe na hayo mengine.

Baada ya mazishi Angèle aliacha kuniangalia. Kazi alifanya zote, maji alileta, mtoto alibeba, ila akinijibu alikuwa anaangalia pembeni. Nilidhani ni huzuni. Mwezi wa nne, kabla kambi haijaanza kufungwa, mama mmoja wa kanisa alitupa chumba hapa Majengo kwa kodi ndogo. Ni cha mbao, kimejengwa juu ya mawe kama nyumba zote za hapa, na hakina dirisha. Ukifunga mlango mchana ni giza, na Mahoro alikuwa analia akiingia. Mwenye nyumba hakutaka tukate mbao kutengeneza dirisha.

Kioo tulihama nacho. Kwa kweli nilitaka kukiuza. Nilikipeleka sokoni Birere, nikakizungusha kwa wauza samani, na kila mmoja alikigeuza akakirudisha. Unyevu ulikuwa umekula pembeni, kuna weusi kuzunguka kote na madoa kama ya kutu. Nikarudi nacho nyumbani, nikakilaza tena kifudifudi chini ya kitanda.

Hapo Angèle akasema, akiniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu Desemba. “Mama, Papa alibeba hii kioo siku mbili ku mugongo. Utaiacha chini mupaka siku gani?”

Nilikitoa, tukakiosha mimi na yeye kwa majivu na limau, tukakisugua kwa magazeti. Katikati kilitakata kabisa. Ule weusi wa pembeni ndio uliogoma. Angèle akasema tuufunike. Nyuma ya nyumba yetu kuna karakana ya mzee Hitimana, seremala wa vitanda na masanduku ya maiti, babu wa wajukuu kumi na mmoja, nakuandikia hivyo ili usije ukamfikiria vibaya. Alitupa mbao za makasha ya sabuni, akatukatia, na akamfundisha Angèle kuunga kona nne. Kwenye mbao hizo tulibandika kwa gundi changarawe za volkano, zile nyeusi ndogo tunazokanyaga kila siku, tukazichagua moja moja ziwe sawa. Halafu mzee akatuletea mkebe wenye rangi kidogo ya dhahabu chini. Ni rangi anayopaka kwenye misalaba ya masanduku. Alisema imebaki ya mteja mmoja, hawezi kuitumia kwa mwingine.

Hiyo ndiyo dhahabu aliyoiona Ferdinand. Ntirenganya alizikwa bila sanduku, na nilipokuwa naipaka nilijua napaka nini.

Wakati wa kupaka, Angèle yuko upande mmoja na mimi upande wa pili, ndipo alipoanza kunieleza. Siku zile tatu nilizomnyima baba yake maneno, yeye ndiye alikuwa anakaa naye nje. Alimweleza safari. Kibumba kulikuwa na kizuizi, watu wenye bunduki wakamsimamisha, wakamfungulisha mkeka. Walipoona kioo walifurahi kama watoto. Walimwamuru akishike wima kifuani, na mmoja mmoja wakaja kujiangalia, kuchana nywele, kunyoa ndevu kwa wembe. Alisimama hivyo mpaka mikono ikatetemeka, na kila ilipotetemeka walimtukana. Kisha wakamwachia apite. Wenzake waliokuwa wamepata unga na kuku wote walinyang'anywa pale. Unga na mbuzi nilivyovitaja mbele ya watu sijui hata nilivitoa wapi.

Na pale kizuizini ndipo alipopata wazo, ndivyo alivyomwambia Angèle. Aliona watu wanavyokipenda kioo. Kambi nzima ilikuwa na wanaume wenye ndevu na hakuna kinyozi. Alitaka kusimamisha nguzo mbili karibu na njia ya Sake, akitundike hapo, aazime mkasi na wembe, anyoe watu. Alimwambia Angèle, “Nangoja Mama yako apoe, njo nitamuambia. Atafurahi.”

Yaya, niliweka burashi chini. Angèle alilia na mimi nikalia, kila mmoja upande wake wa fremu, rangi ikikauka vibaya. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miezi yote ile. Alisema aliogopa na mimi ningekufa. Tulishikana. Tangu siku ile ananijibu akiniangalia.

Tulikitundika mkabala na mlango. Asubuhi jua likiingia linapiga pale na kurudi ndani, linafika mpaka kitandani. Mahoro hataki tena kukaa nje. Majirani wanakuja kutazama, wengine wameomba Angèle awatengenezee vyao vya zamani, naye amekwisha kutengeneza viwili. Kama ukiona bado ni aibu kwa jina la mume wangu na mdogo wako, niandikie, nitakishusha mpaka mwaka utimie na nitawaeleza watoto kwamba ni neno la shangazi yao mkubwa. Sitabisha.

Lakini mimi pia nina ombi, na naliomba nikijua kwamba umenikasirikia.

Picha zake zote zilibaki Rutshuru, na zimekwenda na nyumba. Hatuna hata moja, hata ya kadi ya uchaguzi, maana alizikwa na shati lenye kadi hiyo mfukoni. Mahoro alikuwa na miaka miwili, na sura ya baba yake imekwisha kumtoka. Juzi alimshika mzee Hitimana suruali akamwita Papa. Mzee aliweka randa chini akaniangalia, nami nikambeba Mahoro nikaondoka naye.

Watu waliowajua nyinyi wawili utotoni wanasema mlikuwa na uso mmoja, hata mwalimu wenu alikuwa anawachanganya majina. Ntirenganya mwenyewe alisema hivyo: akitaka kujua atakavyozeeka, anakukumbuka wewe. Basi nakuomba, Yaya, nenda kwa mpiga picha wa hapo Nakivale. Toa kitambaa kichwani, rudisha nywele nyuma ili paji la uso lionekane na masikio pia. Usicheke. Yeye alikuwa hacheki kwenye picha, alikuwa anakaza mdomo kama mtu anayehesabu matofali. Mpe Ferdinand ailete. Nitamwita Mahoro, nitamwonyesha, nitamwambia alikuwa hivi.

Msalimie Shemeji Janvier, msalimie binti yako Apolline na mtoto wake mchanga ambaye sijamwona, na mama Micheline jirani yako aliyetuma majani ya chai. Angèle anakusujudia. Mungu aliyekuvusha mpakani akulinde kwenye nchi ya wenyewe, akupe mvua, na akupoze mgongo.

Wako akupendaye, hata kama leo hupendi kulisikia jina langu,
bado mke wa mdogo wako,

Donatille