Ile "Sisi" Uliyoiandika

Papa,

Nimetoka makaburini sasa hivi, na kucha zangu bado ziko na udongo mwekundu. Nimeng'oa majani, nimenyoosha msalaba wako uliokuwa umeanza kuinama, kisha nikakaa kusali. Lakini kilichokuja kichwani kilikuwa maswali. Wewe uliyazoea maswali yangu. Ulikuwa ukisema, "Ngalula, weye ulipashwa kuzaliwa juge," yaani hakimu, halafu unaweka kalamu chini na kunijibu. Leo ninakuandikia kwa sababu nimekosa mtu wa kuweka kalamu chini.

Nianze na habari za nyumbani. Mama ni mzima, ila miguu inamsumbua wakati wa mvua. Bado anapanda mboga za lengalenga nyuma ya nyumba, na bado anagombana na kuku wa majirani. Ndugu yangu Kalala anafanya kazi ya soudure, kuunga vyuma, kule Kakanda. Mtoto wake wa mwisho amepewa jina lako, na tayari ana kichwa kigumu, kwa hiyo jina limekaa vizuri. Mimi ningali mwalimu hapa Panda.

Lakini mji si ule uliouacha, Papa. Vijana wako barabarani tena. Safari hii hawavunji vioo, wanaimba na kusikiliza watu wanaohutubia. Mimi nikiwaangalia ninarudi kwenye siku zile za Kalala, na ninataka kujua kitu ambacho sikuwahi kukuuliza. Ulipoandika neno lile katika karatasi ya parokia, ulijua litafanya nini? Au lilikutoka tu?

Ninakumbuka hivi. Kalala na wenzake walikuwa wamemaliza shule, na kazi mpya hazikuwepo. Walikuwa wakubwa mno kuendelea kuandikwa kwenye karatasi za kazi za baba zao, na hawakuwa na karatasi zao wenyewe. Siku ya sherehe wakaenda kwenye ukumbi wa kucheza dansi, na mlinzi akawaambia asiye na karte ya kazi haingii. Walisimama nje wakisikia muziki. Kwanza waliimba nao kwa kejeli, kisha wakatukana, kisha mawe yakaanza. Hakikubaki kioo hata kimoja upande wa barabara. Gendarmes wakawakamata, wakawaweka cachot, mahabusu, Kalala miongoni mwao.

Mji mzima ulikuwa na neno moja: voyous, wahuni. Padri alilisema, mwalimu mkuu wangu alilisema, hata bibi muuza makaa sokoni. Na wewe, karani wa magasin ya vifaa mchana na mwandishi wa "Wazo la Jumapili" jioni, watu wakawa wanangojea utaandika nini. Utamtetea mwanao, au utamlaani?

Ulianza kwa kumlaani. Nilikuwepo, mezani, ninasahihisha madaftari ya watoto. Ulisoma kwa sauti: "Vijana hawa wamekosa adabu." Mama alikuwa anasonga bukari. Hakugeuka. Alisema, "Bale bijana ni ba nani? Weye unaandika sawa vile habana na mama."

Uliweka kalamu chini. Bukari ikaiva, tukala. Kisha ukachukua karatasi nyingine, na Jumapili tukaisikia ikisomwa baada ya misa: "Watoto wetu wamevunja vioo. Sisi tuliwapeleka shule, na walipomaliza tukawaambia wangojee. Hatukuwaambia wangojee nini." Ukaendelea hivyo mpaka mwisho, sisi, sisi, sisi. Hukuwaombea msamaha. Uliandika wazi kwamba jiwe ni jiwe na kioo ni kioo. Ila hukumwacha mtu yeyote kanisani akae pembeni na kutazama.

Nilikuwa nimekaa nyuma, nikawa ninaangalia migongo ya watu. Papa, migongo inasema. Wababa waliokuwa wameegemea viti walijiinua. Mama mmoja alivua kitambaa kichwani na kukifunga tena. Baada ya misa Papa Mumba, jirani yetu, ambaye kabla ya hapo alikuwa anapita mlangoni kwetu bila kusalimia, alikuja akakuambia, "Twende." Mkaenda, kundi la wababa wenye suti za misa, mpaka kwa gendarmes. Sijui mliongea nini huko. Ninajua watoto walitoka, na juma lililofuata walikuwa juu ya ngazi pamoja na baba zao, wanatia vioo vipya. Kalala alijikata kidole gumba, na Papa Mumba akamfunga kwa kitambaa chake mwenyewe.

Halafu ukaitwa na yule kiongozi wa chama wa mtaa wetu. Ulitusimulia uliporudi, ukicheka, huku Mama akikuvua koti. Alikuwa na karatasi ya parokia mezani, amepiga mstari chini ya neno. Akakuuliza, akikuita mwananchi kama chama kilivyotaka, "Ile 'sisi' ni nani, citoyen?" Ukajibu, "Ni miye na muke yangu, na bajirani." Akauliza, "Na miye niko ndani?" Na wewe ukasema, "Kama weye unapenda, citoyen. Nafasi iko."

Alikuachia uende. Karatasi ya parokia haikutoka tena kwa muda, lakini wewe ulilala nyumbani kwako. Kwa miaka mingi nimewaeleza watu kwamba baba yangu alimshinda mkubwa kwa jibu moja.

Tangu ufe nimekuwa nikiwauliza watu. Nilimuuliza Kalala maneno yale yalimfanya nini. Akaniambia hajawahi kuyasoma. Anachokumbuka ni wewe umesimama nje ya cachot na suti yako ya misa, jua likiwa kali, na hukulegeza tai. Nilimuuliza Mama. Akasema, "Maneno ile ilikuwa yangu, papa yako aliitia tu wino," kisha akalia kidogo, kisha akarudi kwenye lengalenga zake.

Mwezi uliopita nilikwenda Kapolowe kununua mahindi, na nani ninamkuta anapalilia shamba, amevaa kofia ya majani? Yule kiongozi. Amezeeka, chama hakimpi tena kitu. Nilimwambia mimi ni binti wa nani. Nikamuuliza kwa nini hakukufunga. Nilidhani ataniambia ni lile jibu lako. Jibu hakulikumbuka hata. Aliniambia, "Papa yako alikuwa anatetemeka magoti. Miye niliona. Mutu mwenye kutumwa na bengine hatetemekaka vile. Nikajua maneno ni yake mwenyewe."

Hukutuambia hilo, Papa. Ulicheka na kuvuliwa koti. Nilirudi na mahindi yangu, njia nzima ninakutazama upya. Niliamini maneno yalikuwa na nguvu kwa sababu uliyachagua vizuri. Sasa ninajiuliza kama watu wote siku ile, wale wa migongo, walisikia kwenye karatasi jambo ambalo yule aliliona kwenye magoti yako: kwamba anayesema anaogopa, na bado anajitia ndani.

Ninauliza kwa sababu neno lako limepata watu wengine. Siku hizi wanaohutubia vijana wanasema "sisi" kuliko ulivyosema wewe. Sisi wenye nchi. Na wakishaitaja wanatazama upande wetu, sisi tuliozaliwa hapa, ambao babu zetu waliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Vijana ni walewale, Papa, hawana kazi, wameambiwa wangojee, na sasa kuna mtu anawaambia ni nani aliyewachelewesha, na kwamba arudi alikotoka. Ninasikiliza kwa makini sana, kama mwalimu. Sauti ni nzuri. Sentensi ni fupi. Na mtu anayesema hatetemeki.

Kwa hiyo neno si dawa. Linaweza kuwa meza, linaweza kuwa ukuta, na herufi ni zilezile. Ulijua hilo pia?

Padri mpya ameniomba niandike "Wazo la Jumapili." Sijui kama ananipenda au hajafikiri jina langu litasikika vipi sasa. Nimeanza mara nyingi. Kila nikiandika "sisi" ninajiuliza nani atanikubalia.

Jana jioni Papa Mumba, ambaye wao wanamhesabu katika "sisi" yao, alikuja. Alikaa kwenye kiti chako, akakataa chai. Akatazama mikono yake, akasema, "Ngalula, kaburi ya papa yako nitailimaka miye. Usiwaze." Nikamwambia, "Papa Mumba, kwa nini? Sisi hatuendi mahali." Alikaa mpaka Mama akatoka kumsalimia, na wakaongea juu ya mvua.

Basi pumzika, Papa. Siwezi kukuahidi kwamba nitakuja tena Jumapili zote, kama nilivyozoea kukuahidi. Ninakuahidi hii moja: nitaandika, nitatia jina langu lote chini, na nitaisoma mwenyewe, nikiwa nimewageukia watu ili waone uso wangu. Na Papa Mumba nitamwambia mahali pa kulizuia jembe, kwa sababu upande wa miguu yako nimepanda maua, na yangali madogo.

Binti yako,
Ngalula