Kondere la Sauti Moja

Mjukuu wangu Koku,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba sana. Huku Ihanda hatujambo. Goti la bibi yako limepata nafuu, ng'ombe amezaa jike, na migomba imesimama tena baada ya ule upepo.

Unauliza kama kondere langu, lile baragumu la kibuyu linaloning'inia ukutani, limeharibika, kwa kuwa ulipolipuliza lilitoa sauti moja tu. Halijaharibika. Ndivyo lilivyo. Tulikuwa watano, kila mtu na sauti yake moja, na wimbo ulipatikana kwa kupokezana.

Siku moja tulipiga kwenye harusi kule Kihanga. Bibi yako, msichana bado, alikuwa akicheza mbele yangu. Basi nikataka anione! Nikapuliza zamu yangu, nikaongeza na ya jirani yangu Rwiza. Wimbo ukavurugika, wachezaji wakakanyagana, bibi harusi akabaki amesimama katikati ya uwanja. Nilitamani ardhi inimeze. Rwiza hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ukijaza nafasi yangu, mimi niingie wapi?"

Bibi yako husema alinipenda nilipotulia. Simwamini sana.

Siku hizi harusi hupigiwa kaseti, na wenzangu wote wanne tumeshawazika. Lakini jioni nalishusha kondere, napuliza mara moja, kisha nanyamaza muda wa sauti nne. Bibi yako hudhani pumzi zimeniishia. Namwachia Rwiza nafasi yake.

Babu yako