Magurudumu Uliyomtumia Baba

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha cherehani.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kinda,

Kwanza niambie unakula. Usinijibu "nakula tu", niambie unakula nini na nani anakupikia, maana kwenye picha ya juzi shati limeanza kukupwaya shingoni, na mimi ni fundi cherehani, shingo ya shati hainidanganyi. Kifua je? Bado baridi ya huko inakukohoza? Kama yule daktari alikupa dawa, imalize, usiiachie njiani kama kawaida yako.

Sisi huku wazima, tunashukuru. Mama nyonga yake inaendelea vizuri. Sasa anatoka kitandani mpaka jikoni kwa fimbo moja, na akishafika jikoni anaanza kutukosoa wote, ndipo tunapojua kweli anapona. Kliniki ya mazoezi bado anakwenda kila Alhamisi, na anayempeleka ni Baba, kwa gari lake. Hapo kwenye gari ndipo ninapotaka kufika.

Nimeandika barua kwa sababu unaijua simu ya nyumba hii. Ikilia, Baba anaweka spika, Mama anasogeza kiti, Shangazi anapunguza redio, na mazungumzo yanakuwa mkutano wa ukoo. Barua hii anakuletea jirani yetu muuguzi, anarudi kazini huko kesho. Isome ukiwa umekaa, na usikasirike mpaka uifikishe mwisho.

Ungeona siku magurudumu yako yalipofika! Baba alizitoa rimu kwenye maboksi moja moja, na matairi yake mapya juu, akazipanga sebuleni kando ya kochi. Zikakaa pale mpaka Mama akalalamika kwamba hana pa kupitisha fimbo. Kila aliyeingia, hata msoma mita ya umeme, aliambiwa: "Hizi kanunua Kinda. Kwa mshahara wake mwenyewe." Mimi nilikuwa nakata kitambaa, nikaweka mkasi chini. Huyu ndiye baba aliyekwambia mlangoni, siku ulipokataa kazi ya duka lake la rangi, kwamba huko uendako hutajinunulia hata soksi. Tangu siku hiyo mkizungumza mnazungumza mvua na jua. Kwa hiyo niliposikia "kwa mshahara wake mwenyewe", niliingia chumbani nikalia kidogo, nikatoka nikaendelea na kazi.

Akazifunga mwenyewe uani, hakutaka mtu aguse jeki. Kusema kweli gari lilipendeza, sikufichi. Lilisimama juu juu, majirani wakalibatiza Kisigino Kirefu, na Baba akacheka nao, yeye asiyependa utani.

Sasa shida. Magurudumu ni makubwa mno kwa gari lile, Kinda. Usukani ukikatwa sana kulia, tairi la mbele linasugua bati kwa ndani; kushoto bado linapata nafasi. Na watu wazito wakikaa nyuma, gari linashuka, matairi ya nyuma yanasugua nayo. Mtu mwingine angekwenda gereji. Baba yetu, wewe unamjua, aliamua kwamba kulia si lazima.

Nisikilize vizuri, sitanii. Baba hakati kona kali ya kulia tena. Kwenda kliniki, pale benki tulipokuwa tunaingia kulia, sasa tunapitiliza, tunazunguka sokoni, tunapita stendi, tunatokea nyuma ya shule, kushoto, kushoto, kushoto. Tunafika kliniki tumeshasalimia mji mzima. Mama akiuliza, anaambiwa njia ile ina msongamano. Msongamano gani, na ni saa nne asubuhi?

Tena anatupanga kwa uzito kama magunia. Shangazi lazima aje kwa sababu ndiye anayemnyanyua Mama, nawe unajua Shangazi si mwanamke mdogo. Basi Shangazi amehamishiwa mbele, na Mama, ambaye anatakiwa anyooshe mguu, anabanwa nyuma kwa kuwa ni mwepesi. Shangazi alipogundua sababu alinuna, akasema hajawahi kupimwa na gari tangu azaliwe. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini nilipoona Mama anavyouma meno akiuingiza ule mguu nyuma ya kiti, kicheko kilinikauka.

Alhamisi iliyopita niliwasindikiza. Tunaingia geti la kliniki, akatokea mhudumu anasukuma kiti cha magurudumu chenye mgonjwa. Baba akakata kulia kwa nguvu na kukanyaga breki. Usukani haukwenda mpaka mwisho. Tairi lilikamata bati, likalia, na gari likateleza mbele kuliko tulivyozoea. Tulisimama karibu kabisa na kile kiti, yule mgonjwa amejifunika uso kwa mikono. Mama aligonga paji la uso kwenye kiti cha mbele. Hakuumia, usishtuke, alipata nundu tu na imeshaondoka. Lakini harufu ya mpira ulioungua ilijaa ndani, na Baba alishuka kumwomba radhi yule mgonjwa.

Jioni ile nilimwita fundi wa matairi wa pale stendi, aje nyumbani kwa kisingizio cha kuangalia upepo wa matairi. Alinieleza kwa upole, nami nakuandikia yote, maana ulisema na wewe unataka kufunga rimu kubwa kwenye gari lako. Ubavuni mwa tairi kuna namba tatu. Tairi la zamani la Baba linasema 185/70, halafu 14. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni asilimia, yaani ukuta wa tairi una kimo gani ukilinganisha na huo upana. Ya mwisho ni inchi za rimu. Ukizichanganya unapata kimo cha gurudumu zima, na hicho kimo ndicho gari lilichotengenezewa.

Mimi nilimwelewa kishonaji. Mteja akitaka mkanda mpana kwenye sketi, unapunguza kitambaa cha chini yake, urefu ubaki uleule, asije akajikwaa. Rimu ikikua, ukuta wa tairi lazima ufupishwe. Gurudumu la Baba la zamani kimo chake ni sentimita sitini na moja na nusu hivi. Ulilotuma ni 215/55 kwa rimu ya 17, linakaribia sitini na saba. Mkanda umeongezwa na kitambaa hakikupunguzwa. Fundi anasema kimo kikizidi cha zamani kwa zaidi ya asilimia tatu yeye hapati usingizi, na hiki kimepita nane. Ndiyo maana inasugua, na breki zina kazi kubwa zaidi kulisimamisha. Hata spidi mita inamdanganya: ikisema themanini, gari linakwenda karibu themanini na saba.

Dawa ipo, na rimu zako hazitupwi. Zinataka tairi la 205/45, rimu ileile ya 17. Hapo kimo kinarudi karibu sawasawa na cha zamani. Ila kuna namba nyingine ndogo baada ya hizo, ya daraja la uzito ambao tairi linaweza kubeba, si kilo zenyewe. Ya zamani ilikuwa 88, na mpya isiwe chini ya hapo. Kipimo hikihiki kinauzwa chenye 84 na chenye 88, na ukiwa na Shangazi kwenye familia, unachukua 88. (Usimsomee mtu sentensi hiyo.) Ukuta ukiwa mfupi mashimo ya barabarani yatasikika zaidi, itabidi Baba aende taratibu. Nawe huko, kabla hujanunua chochote, mwandikie muuzaji namba za tairi lako la sasa, na aina ya gari.

Tafadhali usijilaumu. Ulitaka kumshtukiza Baba, ungemuulizaje namba za matairi bila kutoboa siri? Uliomba inchi kumi na saba, ukapewa inchi kumi na saba za gari kubwa kuliko letu. Ulikaa huko peke yako, kifua kinakuuma, ukajinyima, ukamkumbuka mzee aliyekukatia tamaa. Mdogo wangu, hakuna aliyewahi kumfanyia Baba kitu kizuri kama hicho. Mimi sijamfanyia.

Lakini tairi la nyuma kushoto limekatika. Fundi alinionyesha, kwa ndani, pale bati linapokwaruza, nyuzi zimeanza kuonekana. Anasema linaweza kwenda mwezi na linaweza kupasuka kesho. Alimwambia Baba kwa heshima zote. Baba akamshukuru, akamwuliza habari za watoto, akamsindikiza mpaka getini. Aliporudi alisema, "Yalivyokuja ndivyo yatakavyobaki." Nimembembeleza, nimefoka, nimemtuma Mama. Hata matairi ya zamani, ambayo yangetusogeza siku chache, amempa jirani mmoja mwenye bustani pamoja na rimu zake. Nikamwomba Alhamisi hii tuchukue teksi. Akaniuliza, kwani gari letu lina nini?

Ndiyo maana nakuomba. Muuguzi atakufikia Jumanne. Mpigie Baba siku hiyohiyo, kabla ya Alhamisi, kabla Mama hajaketi tena nyuma, juu ya tairi lile. Usimtaje fundi, na mimi usinitaje kabisa. Usimwombe radhi sana pia, ukiomba radhi ataapa kwamba gari halijawahi kwenda vizuri hivi. Sema tu umegundua matairi hayakuwa saizi yake na wewe, uliyeyanunua, unataka yabadilishwe, rimu zibaki. Mapya fundi ameshaniwekea. Kinachokosekana ni neno lako.

Nilikuwa nimefika hapa Baba akaingia kutafuta miwani. Akauliza namwandikia nani, nikamwambia. Akaichukua miwani, akafika mlangoni akageuka. Kisha akasema, "Mwambie magurudumu yake yanakwenda vizuri. Mwambie sijaona kasoro." Nimeyaandika kama alivyoyasema. Lakini Kinda, leo asubuhi nimemwona kwa dirisha hili, amepiga magoti uani na magoti yale mabovu, na tochi mkononi, kidole chake kinapita taratibu juu ya ule mkato. Baba anajua. Anajua kila kitu, na Alhamisi atawasha gari kwa sababu hataki usikie kwamba ulikosea.

Mama anakusalimu na kukubusu pande zote mbili. Shangazi anasema uoe, au angalau ununue sweta. Fundi wa stendi naye anakusalimu, anasema una jicho zuri la rimu.

Mungu akulinde barabarani na kitandani, akutoe hicho kikohozi, na akupe ulimi mtamu Jumanne.

Ni mimi dada yako mkubwa, nikupendaye na kukuombea,

Dada