Fungu la Kijani la Baba Mdogo

Baba,

Shikamoo. Mwalimu anasema marehemu haamkiwi, lakini sijui kuanza vingine.

Tangu tukuzike mvua haijanyesha. Baba Mdogo amesogeza ua, na ng'ombe wake wanalala katika shamba letu la Nduruma. Mama alikuwa tayari kwenda boma la wilaya kumshtaki. Jumapili, baada ya kanisa, Baba Mdogo akaja na fungu la nyasi mbichi mkononi, kama ilivyo desturi yetu ya kuomba amani. "Shemeji, tuyamalize. Ua nitaurudisha Jumamosi." Mpole mno! Tangu lini? Na ukishapokea nyasi, hushtaki tena. Mama akamwambia aliache fungu kwenye kigoda, atajibu kesho yake.

Nilichomoa shina moja. Ulinifundisha tukichunga: "Nyasi ina magoti, mwanangu. Papasa kwanza." Nilipapasa, Baba. Hapakuwa na goti hata moja. Shina la mviringo, laini toka chini hadi juu, ndani limejaa kitu cheupe kama sufi. Juu vitumba vya kahawia. Nilipokivunja kimoja, mbegu zikamwagika kama vumbi. Si nyasi. Ni ndugu wa mimea ya kinamasini, ila mmea huu huota mbugani, pakavu.

Nikaona hila yake yote. Mama angepokea, kisha yeye angecheka mbele ya wazee: "Nyasi? Nani aliniona na nyasi? Sikuahidi kitu." Nikamsihi Mama asiliguse.

Jumatatu, kabla ya kengele ya shule, nilikwenda kutafuta alipolikata. Mbuga yote ilikuwa ya njano, nyasi zimeliwa hadi mizizi. Nyayo zake nazijua, mguu wa kushoto huburuta. Zilizunguka huku na huku, zikasimama kwenye kila kichaka, zikaendelea. Mwisho kabisa zilifika penye mashada ya mmea uleule, ya zamani, meusi chini, yaliyochipua upya bila mvua. Moja lilikatwa kwa kisu. Hapakuwa na kingine cha kijani, Baba. Nilitazama sana, nikitamani kumkamata.

Nilimweleza Mama yote. Akacheka, mara ya kwanza tangu uondoke. "Shemeji yangu huyu! Mchunga ng'ombe mzima hajui nyasi. Kaona kijani tu, akakata." Akalipokea fungu.

Mimi bado simwamini sana. Jumamosi nitasimama penye jiwe jekundu la mpaka, mpaka mti wa mwisho wa ua urudi mahali pake. Nikiona ni kweli, nitamwamkia vizuri.

Pumzika, Baba. Shamba nalitazama mimi.

Mwanao,
Elifuraha